Daftari la Tumbe

Jua halijapanda sawasawa juu ya Tumbe, kaskazini ya kisiwa cha Pemba, mashua za kwanza zikaingia dikoni. Matanga hushushwa, mashine huzimwa, na samaki hutolewa kwa matenga na kumwagwa juu ya mchanga ulio maji bado: changu, tasi, kolekole, siku za neema nguru na jodari, na pweza waliotungwa kamba. Watu husogea wakafanya duara. Mnadi huanza na bei ya chini, sauti yake ikapanda pamoja na bei, na wanunuzi hawasemi neno. Mmoja hunyanyua kidole, mwengine hutikisa kichwa, wa tatu hugeuka akajifanya anatazama bahari. Baada ya dakika chache mnunuzi hutajwa, na samaki si wa bahari tena wala si wa mvuvi. Wengine hufungwa nyuma ya baiskeli na pikipiki kwenda Konde, Micheweni na Wete. Wengine husubiri gari ya Chake Chake. Na walio bora huwekewa barafu kwa safari ya mbali zaidi. Ikifika adhuhuri diko huwa jeupe. Hubaki magamba, paka, na watoto wanaookota vidagaa vilivyoanguka.

Mzee aliyezaliwa Tumbe na kuzeekea Tumbe hana haja ya kufundishwa kwamba bidhaa huleta fedha. Amekuwa akiiona fedha hiyo ikija na kuondoka tangu utotoni mwake. Lisilomwelea ni jambo jengine. Kila asubuhi mali hutoka hapa, na kila mwaka vijana hutoka hapa kuifuata huko iendako. Mombasa imekua, Dar es Salaam imekua, Mji Mkongwe wa Unguja ulikua ukajaa majumba ya ghorofa, Muscat na Dubai zimekua hata mtu aliyeziona ujanani hazitambui tena. Katika kila mji huo yumo Mpemba anayeuza, au anayepima, au anayebeba. Ilhali uchunguzi wa mapato na matumizi ya kaya uliofanywa na Serikali ya Zanzibar umeiweka mara kwa mara Wilaya ya Micheweni, ambamo Tumbe imo, katika wilaya zilizo maskini zaidi visiwani. Basi swali la mzee huyo ni jepesi kulitamka, zito kulijibu. Ikiwa miji hukua kwa kuuza ng'ambo, mbona aliye mwanzo wa njia hapati mji?

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo hufundishwa watoto ili watunze hesabu. Lakini ina maana nyengine kwa anayetazama historia ya pwani hii: mali hukaa na yule mwenye kuiandika. Panapopimwa bidhaa, panapochaguliwa nzuri na mbaya, panapokatwa bei na kuwekwa dhamana, hapo ndipo watu hujenga. Palipotoka bidhaa tu hubaki njia. Tumbe yenyewe ni ushahidi wa kauli hiyo, na ushahidi huo umo chini ya miguu ya wakulima wake.

Mwendo mfupi kutoka dikoni yapo mashamba ya muhogo ambamo jembe, likizama kidogo, hugonga vigae. Vingi ni vya vyungu vya kienyeji, vyeusi na vyekundu, vilivyochorwa mistari mabegani. Lakini miongoni mwake hutokeza kigae chenye rangi ya baina ya kijani na samawati, kinachong'aa baada ya miaka zaidi ya 1,000 kama kilichotoka tanurini jana. Wataalamu wa mambo ya kale Adria LaViolette na Jeffrey Fleisher, kutoka Marekani, waliichimba ardhi hiyo katika miaka ya mwanzo ya karne hii. Wakaonesha kwamba hapo palikuwa na makazi makubwa baina ya karne ya 7 na karne ya 10, yaliyoenea kiasi cha hekta 20 au zaidi. Nyumba zake zilikuwa za fito na udongo. Hapakuwa na ukuta wa mawe. Mpita njia wa leo asingeliona gofu hata moja la kumsimamisha.

Hata hivyo, makazi hayo ya udongo yalikuwa na vyombo vya ng'ambo kwa wingi usio wa kawaida katika pwani ya Afrika Mashariki ya zama zile. Vigae vile vya samawati vilitoka katika mitungi iliyofinyangwa upande wa juu wa Ghuba ya Uajemi, katika nchi za Basra, na kuletwa kwa vyombo vya pepo za kaskazi. Tena havikukutwa katika nyumba moja ya mkubwa mmoja. Vilikuwa vimetawanyika katika nyumba nyingi. Fleisher amelifasiri jambo hilo kwa karamu: vyombo vya wageni viliwekwa mbele ya watu, wakala na kunywa pamoja, na aliyeweza kulisha wengi ndiye aliyepata wafuasi. Kwa hiyo bidhaa iliyotoka mbali ilikuwa ikigeuzwa kuwa heshima ya mtu na ujamaa wa watu. Hicho ni kitu kisichopakiwa tena chomboni.

Na jee, Tumbe ilikuwa na kazi gani? Humo ardhini vilipatikana, kwa idadi kubwa mno, vigae vyenye mifuo mirefu iliyochimbika kwa kusuguliwa. Ni vinoo vya shanga. Makombe ya pwani yalikatwa vipande vidogo, yakatobolewa, yakasuguliwa juu ya kigae mpaka yakawa mviringo. Vinoo hivyo navyo vilikutwa katika nyumba nyingi, ndani ya uchafu wa jikoni na takataka za kila siku. Hapakuwa na karakana moja ya bwana mmoja. Kazi ilikuwa ya nyumbani, ikifanywa na mikono ile ile iliyopika na kulima, na chombo kilichovunjika hakikutupwa: kilianza maisha mapya ya kunolea shanga.

Katika zama hizo hizo mwandishi al-Masudi, aliyefariki mwaka 956, alisafiri na mabaharia wa Oman mpaka kisiwa alichokiita Qanbalu. Wanachuoni wengi wanakichukulia kisiwa hicho kuwa ni Pemba. Aliandika kwamba pembe za ndovu za nchi za Zinji zilipelekwa Oman, na kutoka Oman zikapelekwa India na China. Msomaji wa leo na aitazame njia hiyo vyema. Ndovu huuawa Bara, pembe huvushwa pwani, chombo huipeleka Oman, na Oman huiuza tena. Kila kituo hupata chake, lakini hakipati sawa. Aliyejua bei ya China alikuwa na zaidi kuliko aliyejua bei ya Oman tu, na aliyeijua bei ya Oman alikuwa na zaidi kuliko aliyebeba pembe begani.

Kufikia katikati ya karne ya 10 Tumbe ilikuwa imehamwa. Katika karne iliyofuata, hapo hapo jirani, ukaanza mji mwengine, Chwaka ya Pemba, uliodumu mpaka karibu na mwaka 1500. Magofu yake wenyeji huyaita Haruni, kwa jina la Haruni bin Ali, ambaye mapokeo humtaja kuwa ni mwana wa Mkama Ndume wa Pujini, mtawala aliyeacha sifa ya ukali mkubwa. Mwenye kuyatazama magofu hayo huona misikiti ya mawe, mihrabu na makaburi. Nyumba nyingi za Chwaka, hata hivyo, ziliendelea kuwa za udongo kama zile za Tumbe. Wenye mji waliliweka jiwe mahali pa ibada kabla ya kuliweka mahali pa kulala.

Kilichobadilika kati ya miji hii miwili kinaonekana katika mbegu. Sarah Walshaw alizichunguza punje zilizoungua motoni na kuhifadhika udongoni. Aligundua kwamba watu wa Tumbe ya kale walitegemea zaidi uwele na nafaka za namna hiyo, ilhali Chwaka ilipokuwa ikikua mpunga ulipanda daraja mpaka ukawa chakula kikuu. Mpunga si zao la mchezo. Hutaka bonde, hutaka maji, hutaka watu wa kulima kwa pamoja na kulinda ndege. Mwenye kuupanda huwa ameamua kukaa. Mbegu ya pamba ilikuwapo pia, na vigurudumu vya pia za kusokotea nyuzi. Na msikiti ulileta jambo ambalo mfanyabiashara wa baharini hulihitaji kuliko ghala, nalo ni uaminifu. Mgeni aliyeshuka chomboni alikuta kibla anachokijua, sala anazozijua, shahidi wa mkataba, na hukumu ambayo hata yeye angeikubali. Aliweza kuacha mali yake kwa mwenyeji akarejea na msimu wa pili.

Kwa hiyo Chwaka haikuiacha biashara ya ng'ambo, bali iliitia nanga. Tumbe ya kale ilikuwa na karamu, shanga na vyombo. Chwaka ikaongeza bonde la mpunga, uzi, na mahali pa kuapia. Hii ndiyo tafauti baina ya kituo kinachopitiwa na mji unaokaliwa. Nayo haikuletwa na ukubwa wa shehena peke yake, maana shehena za Tumbe hazikuwa haba.

Baada ya Chwaka, Pemba ilianza kazi ya kuikuza miji ya wengine. Waarabu waliiita al-Jazira al-Khadhraa, Kisiwa cha Kijani, na ukijani huo ulikuwa chakula. Mchele wa Pemba uliilisha Mombasa zama za Wareno, ukaendelea kuilisha zama za Wamazrui. Majeshi ya Sayyid Said bin Sultan yalipowanyang'anya Wamazrui kisiwa hiki katika miaka ya 1820, Mombasa ilipoteza ghala lake, na mwaka 1837 nayo ikaangukia mikononi mwa Busaidi. Makaburi yanayonasibishwa na Wamazrui yapo mpaka leo Chwaka, jirani na misikiti ya kale. Waliokuwa wakitawala kutoka ng'ambo ya mkondo walirudi kulala katika ardhi iliyowalisha.

Kisha ikaja karafuu. Tufani la mwaka 1872 liliiangusha mikarafuu mingi ya Unguja na kuiacha ya Pemba kwa sehemu kubwa imesimama. Tangu hapo Pemba ndiyo iliyobeba zao lililoipa Zanzibar jina duniani. Lakini majumba yalijengwa wapi? Beit al-Ajaib, kasri aliyoijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, ilisimama Unguja. Mitaa ya mawe, milango ya nakshi, maghala, afisi za mabalozi na maduka ya wafanyabiashara wa Kihindi vilikuwa Unguja. Mji Mkongwe, ambao mwaka 2000 uliingizwa katika Urithi wa Dunia, ulijengwa kwa pembe za Bara, kwa karafuu za Pemba, na kwa jasho la watumwa waliochuma karafuu hizo bila ya ujira. Haki haitendeki mtu akiyasifu majumba akawasahau hao. Sheria ya kuufuta utumwa Unguja na Pemba haikutoka ila mwaka 1897, na wengi waliobaki mashambani waliendelea kuwa na mikono mitupu.

Pemba ilikuwa na Wete, Chake Chake na Mkoani, bandari ndogo zilizopakia magunia. Daftari lilikuwa ng'ambo ya mkondo. Hata ugomvi juu ya karafuu haukuwa wa Pemba. Mwaka 1937 wafanyabiashara wa Kihindi waliisusia karafuu kwa sababu ya amri zilizokipa nguvu Chama cha Wakulima wa Karafuu, na susio hilo likaungwa mkono na Congress huko India, iliyokuwa mnunuzi mkubwa. Mabishano yalikuwa Unguja, Bombay na London, mpaka suluhu ikapatikana mwaka 1938. Aliyepanda juu ya mkarafuu wa Pemba na kikapu shingoni hakuulizwa rai yake. Alisubiri kusikia bei.

Kusubiri huko hakukwisha. Tangu mwaka 1968 karafuu ilinunuliwa na Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC, na mnunuzi mkubwa wa dunia akawa Indonesia, inayoichanganya karafuu na tumbaku katika sigara za kreteki. Indonesia ilipofaulu kujitosheleza kwa mikarafuu yake katika miaka ya 1980, bei ya dunia ikaporomoka. Nchini Pemba mashamba yaliachwa yakaota magugu, na miti mikongwe ikakatwa kuni. Wengine waliivusha karafuu usiku kwenda Mombasa, wakihatarisha adhabu kali, kwa kuwa kule bei ilikuwa bora. Magendo yalikuwa kosa mbele ya sheria. Lakini anayeyatazama kwa jicho la uchumi huona ndani yake jambo jepesi kulifahamu: mkulima alikwenda alikodhani daftari lina ukurasa wake. Serikali ilipoipandisha mno bei ya mkulima mwaka 2011, magendo yalipungua na watu wakarudi kupalilia. Bei ilifanya kazi ambayo doria ilishindwa kuifanya.

Wapo Wapemba walioamua kulibeba daftari wenyewe. Tangu milango ya biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, wengi walivuka kwenda Dar es Salaam wakafungua maduka Kariakoo: vitambaa, vyombo, vipuri, simu. Mtaji ulikuwa wa ndugu kwa ndugu. Mmoja akitangulia humvuta wa pili. Wa pili hulala nyuma ya duka mpaka ajue bei. Kisha naye huvuta wa tatu. Safari zao zilikuwa za Dubai, na baadaye Guangzhou. Hakuna anayeweza kuieleza Kariakoo ya leo pasina kuwataja. Walikuza mji mkubwa, na walijenga pia nyumba nyingi za matofali huko kwao, ambazo milango yake hufunguliwa Iddi hadi Iddi.

Dubai yenyewe ina funzo lake kwa watu wa shanga. Ilikuwa ikiishi kwa lulu, na lulu ilianguka kuanzia mwaka 1930 hivi, pale mtikisiko wa uchumi wa dunia ulipokutana na lulu za kufugwa za Japani. Mji uliotegemea kitu kimoja kutoka baharini ungeliweza kufa hapo. Ukaponea kwa sababu tangu mwanzoni mwa karne hiyo ulikuwa umepunguza ushuru ili wafanyabiashara wa ng'ambo ya Ghuba wahamie kwake, na wao walikuja na hesabu zao, jamaa zao na wadeni wao. Khori ikachimbwa kina kuelekea mwaka 1960, mafuta yakaja baadaye, na bandari ya Jebel Ali ikafunguliwa mwaka 1979. Bidhaa nyingi zinazopita pale si zake. Zake ni mizani, ghala, bima na mkataba.

Zanzibar nayo ilijaribu mlango kama huo. Sheria ya maeneo huru ya uchumi ilipitishwa mwaka 1992, na maeneo yaliyotengwa ni pamoja na Fumba kwa upande wa Unguja na Micheweni kwa upande wa Pemba. Fumba, iliyo karibu na bandari kuu, uwanja wa ndege na benki, leo ina nyumba za ghorofa na viwanda. Micheweni, mwendo mfupi kutoka Tumbe, ilibaki kwa miaka mingi jiwe na kichaka. Sheria ilikuwa moja. Tafauti ilikuwa umeme, maji, barabara, meli, na ukaribu wa wenye kuandika. Tangazo la Serikali huweza kuchora mpaka wa eneo. Haliwezi kuwaleta ndani yake watu wanaoaminiana.

Ndipo inaporejea pwani ya Tumbe na vijiji jirani, ambako biashara ya ng'ambo haijapata kusita. Mwani, uliofunguliwa kuwa zao la biashara Zanzibar mwaka 1989, umewaingiza baharini watu zaidi ya 20,000, wengi wao wanawake, na sehemu kubwa ya mavuno hutoka Pemba. Maji yakitoka, mama hushuka na kamba na vigingi. Maji yakijaa, hupanda na gunia kichwani. Mwani hukaushwa, hufungwa, husafirishwa Ulaya, Marekani na Asia, na huko hutolewa utomvu unaoingia katika dawa ya meno, malai na dawa za hospitali. Aina yenye bei kubwa, kotonii, imekuwa ikifa kwa joto la bahari. Aina ya spinosamu hustahamili zaidi, lakini bei yake ni ndogo. Aliyesimama maji ya kiuno kwa saa nne hulipwa kwa kilo, kwa bei iliyokwisha katwa kabla hajashuka pwani.

Dagaa nao huchemshwa kwa maji ya chumvi, huanikwa, na hutiwa magunia. Dagaa wa Zanzibar wamepata soko kubwa Kongo, njia ya Dar es Salaam na Bara, na wanunuzi wa Kikongo si wageni tena visiwani. Kitoweo kilichodharauliwa kimekuwa mali. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba dagaa huyu, tafauti na samaki mbichi, amefanyiwa kazi karibu na diko: mtu ametafuta kuni, mwengine amechemsha, mwengine ameanika na kugeuza, mwengine amechagua na kupakia. Kila mkono umechukua kitu. Hii ni kazi ya majumbani kama ile ya vinoo vya shanga, na imekuja yenyewe, bila ya kuamriwa na mtu. Kiwanda cha makonyo cha Wawi, kinachokamua mafuta ya mkarafuu, na kiwanda cha mwani kilichoanza kujengwa Chamanangwe katika miaka hii ya 2020, vinatoka katika fikra hiyo hiyo, kuwa kisiwa kiuze kitu kilichopita mikononi mwa watu wake.

Mzee wa Tumbe aliyeuliza mbona aliye mwanzo wa njia hapati mji, anaweza kujibiwa na diko lake mwenyewe. Bei ya karafuu hutajwa kwengine, Tumbe ikapokea. Bei ya mwani hutajwa kwengine, Tumbe ikapokea. Bei ya samaki hutajwa hapa, kwa sauti, mbele ya aliyevua na mbele ya anayenunua, na kila aliye dukani, chomboni au mtini huisikia. Katika karne zote hizi za kuuza ng'ambo, mnada huo ni mahali pamoja ambapo Tumbe haijasubiri kuambiwa. Ni kitu kidogo, lakini ni cha namna ile iliyoianza miji.

Udhaifu wake uko katika saa. Samaki asiye na barafu hana subira, na muuzaji asiye na subira hana bei. Mnunuzi hulijua hilo. Ndiyo maana hugeuka akajifanya anatazama bahari. Akingoja kidogo jua litamsaidia. Barafu ya kutosha, mizani iliyokaguliwa, kivuli, maji safi, mwandishi mwenye kalamu, na chama ambacho wavuvi wanakiamini kuweka fedha zao, haya si makubwa kama bandari ya Jebel Ali wala hayahitaji tangazo la eneo huru. Yakiwapo, jua huacha kuwa upande wa mnunuzi. Kijana wa skuli anayejua hesabu na anayejua bei ya Mombasa kwa simu yake atakuwa na kazi ya kufanya nyumbani, na huenda akaijenga nyumba yake ya matofali mahali atakapolala kila siku.

Tumbe ya kale haikujengwa na mfalme, wala Chwaka haikuanza na jiwe. Ya kwanza ilianza kwa nyumba nyingi, kila moja na kinoo chake na bakuli lake. Ya pili ikaongeza bonde na msikiti. Kesho asubuhi mashua zitaingia tena, mchanga utamwagiwa samaki, na mnadi atafungua kinywa. Watu watafanya duara kama walivyofanya jana. Aliye na daftari na aje nalo, akae ndani ya duara, aandike.